Wajomba wa Kifua-Jiwe

Waliojua kuchora katika mji wetu wa Kasongo walikuwa wengi, nisiwanyime haki yao. Kulikuwa na wachora maua kwenye milango, na mafundi wa kunakshi vibuyu, na mmoja aliyechora simba kwenye ukuta wa duka mpaka mbuzi wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Lakini kumchora mtu anakimbia, halafu katika picha ya pili ukamwona amefika, na katika ya tatu ukasikia mwenyewe kishindo cha mlango alioupiga teke, kazi hiyo mjini kwetu niliijua mimi peke yangu. Nasema bila haya. Waliobisha walikuwepo, na hao hao niliwaona kila gazeti lilipotoka wakinyang'anyana ukurasa wa mwisho ili wajue nimemfanya nini Kifua-Jiwe.

Gazeti lilikuwa la misheni. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa fundi cherehani, nimezaliwa katika mtaa wa Wangwana, sisi Waislamu wa mjini, na jina la Padiri aliyeliendesha sikulijua mpaka nilipoanza kazi kwake. Alinichukua kwa ajili ya mkono wangu. Hakuniuliza habari za sala, nami sikumuuliza habari za nguruwe aliowafuga nyuma ya karakana. Mwalimu aliyenifundisha Kurani ndiye aliyenikemea, akasema kuchora sura za watu si jambo zuri. Nikamwahidi kwamba nitawachora vibaya. Akacheka, akaniacha niende zangu.

Tulichapa kwa stensili, ile karatasi ya nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma kabla ya kuifunga kwenye mashine na kuzungusha mkono. Ukiikandamiza, inapasuka na wino unavuja, shujaa wako anatoka amelowa kama aliyedumbukia kwenye pipa la mawese. Ukiiogopa, haonekani kabisa. Nilijifunza kumchora mtu mwenye nguvu kwa mistari michache: bega moja, shingo, mguu uliokanyaga. Padiri alikuwa na masharti yake. Kifua-Jiwe asipigane na askari. Asimguse Mzungu. Na avae fulana. Nilimuuliza Padiri mtu anayeitwa Kifua-Jiwe atafichaje kifua, akanijibu kwamba jiwe ni jiwe hata likifunikwa. Basi nikamvika fulana, lakini fupi.

Mwanzo wake niliutunga mwenyewe na niliuonea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Radi inapiga jiwe kubwa ukingoni mwa Lualaba, karibu na Nyangwe. Jiwe linapasuka. Ndani yake anatoka mwanamume mzima, ana kaptura na ile fulana, anajinyosha. Hana baba, hana mama, hana anayemdai wala anayemwogopa. Popote penye mtu aliyelemewa, anatokea. Lori limezama kwenye matope, analitoa. Daraja linakatika, analishika kwa mgongo mpaka watu wote wavuke. Kiboko ameziba njia ya mitumbwi, anamsukuma kando kwa adabu kama unavyomsukuma mlevi. Kasongo nzima ilimpenda. Wauza nyama sokoni walianza kuitana kwa jina lake, na msikitini niliwahi kuwasikia wazee wawili wazima wakibishana kama angeweza kuinua mnara.

Sasa sikilizeni jambo lilipoharibika. Ofisi ya Serikali ilimletea Padiri masomo ya pamba: jinsi ya kupanda kwa mistari, jinsi ya kuchoma mabua, jinsi ya kuchambua. Ilitaka yachapwe kila gazeti linapotoka, na mahali palipokuwa wazi ni ukurasa wangu. Padiri hakutaka kuniumiza. Aliniambia kwamba gazeti linasomwa Kasongo tu. Kule Kabambare, kwenye shule nyingi na mashamba mengi, mafungu ya magazeti yanarudi hayajafunguliwa. Ikiwa Kifua-Jiwe ataweza kuwafanya watu wa Kabambare walitake gazeti, ukurasa ni wake na wangu. Asipoweza, ukurasa ni wa pamba, na mimi nitabaki mzungusha mashine. Yeye mwenyewe angekuwa Kabambare siku ya sikukuu ya parokia. Baada ya misa ningeonyesha kazi yangu mbele yake. Watu wakiuliza hadithi inaendeleaje, nimeshinda.

Nilimwambia aanze kutafuta mahali pengine pa kupanda pamba yake.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Watu wengi wa vijijini hawakusoma, kwa hiyo gazeti lenyewe lisingetosha kuwavuta. Nilichukua vipande vya kitambaa cha amerikani kwenye duka la baba, nikavichora kwa wino na masizi, picha moja kipande kizima, kubwa kama mlango. Baba akavipinda pindo la juu ili fimbo ipite. Unavitundika, unasimama pembeni, unasimulia, ukimaliza picha unaigeuzia mgongoni inakuja nyingine. Hakuna aliyenifundisha. Nilivifunga kwenye kinga yangu, maana baiskeli sisi tunaiita kinga, nikashika barabara ya Kabambare nikiwa ninaimba.

Nilipofika kijiji cha Wamaza, katikati ya njia, nilitaka kujaribu sauti kabla ya siku yenyewe. Mkubwa wa kijiji alinipa uwanja wa barza yake, kile kibanda cha mazungumzo, watu walikuwa wametoka mashambani, majembe bado mabegani. Nikatundika. Nikaanza na radi, nikaipiga kwa mdomo mpaka watoto wakalia. Nikamtoa Kifua-Jiwe ndani ya jiwe. Nikaleta lori la matope, wakacheka vizuri sana, maana lori lile walilijua, lilikuwa limewalaza njiani wao wenyewe. Nikaleta daraja. Nikaleta kiboko. Nilikuwa nimewashika, naapa, nilikuwa nimewashika mkononi.

Ndipo mama mmoja aliyekaa mbele, mtu mzima mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaniuliza kwa upole mtu huyu wajomba zake ni wa wapi.

Nikamwambia hana wajomba, ametoka kwenye jiwe.

Akasema hilo amelisikia, lakini wajomba zake ni nani. Mwanamume wa pembeni akataka kujua nani alimpeleka tohara. Mwingine akauliza akitaka kuoa nani atakaa upande wake kwenye mkeka wa mahari. Kijana mmoja akauliza akifa watampelekea nani habari. Hawakunidhihaki. Waliuliza kama unavyomuuliza mgeni aliyefika mlangoni, kabla hujampa kigoda. Mimi nikaona wananichelewesha, nikawajibu juu juu kwamba wajomba zake wako Nyangwe. Kumbe palikuwa na mtu wa Nyangwe pale pale, alileta samaki wakavu kuuza. Akasimama, akamtazama Kifua-Jiwe kwenye kitambaa kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema taratibu, "Sisi kule Nyangwe huyu hatumujui."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao ili yaishe. Yule mama hakucheka. Aliokota jembe lake, akasema, "Basi huyu walimununua."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu aliyepata jibu la swali lake. Na watu wakaanza kuondoka. Hakuna aliyeuliza inaendeleaje. Nilibaki na fimbo yangu mkononi, ninatazama vitambaa, na kwa mara ya kwanza nikaona walichokiona wao. Mtu mwenye nguvu, hana kwao, hana mbele wala nyuma. Na katika kila picha amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Damu ilinichemka. Nilivikunja vitambaa vibaya, nikapanda kinga bila kuaga, na kutoka Wamaza niliwatukana watu wale kwenye kila mlima. Washamba! Unamwonyesha mtu daraja zima limeshikwa kwa mgongo, anakuuliza habari za mkeka wa mahari. Niliwatukana kwa Kiswahili, nikawatukana kwa Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho, nikatukana na kinga pia kwa sababu mnyororo ulitoka. Niliurudisha, ukatoka tena. Nikakaa chini kando ya njia. Wapi! Hasira ile haikuwa ya Kifua-Jiwe.

Lazima niwaeleze namna ya kwetu. Kasongo mjini mtu hamuulizi mwenzake kwao ni wapi. Ni utovu wa adabu. Unamjua kwa mtaa wake, kwa kazi yake, kwa safu anayoswali. Nusu ya nyumba zetu zilianza na mtu aliyefika kwa miguu nyuma ya msafara wa pembe za ndovu, hakuja kwa hiari yake, akapewa jina jingine, akaoa au akaolewa, akazaa Wangwana. Tunajua sote, tunanyamaza sote, na maisha yanakwenda. Kabambare, na vijiji vya njiani kama Wamaza, ni kinyume chake. Kule usipotaja watu wako ndipo unapokosa adabu, maana unamfanya mwenyeji akae na mtu asiyejua amwiteje. Mimi nilikuwa nimebeba ukimya wa mji wetu kwenye kinga nikidhani ni hadithi.

Na mama yangu alikuwa mmoja wa waliofika kwa miguu. Alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, kabla ya vita vya Wabelgiji na Waarabu. Vita vilipofika, aliyemmiliki alikimbia, yeye akabaki Kasongo katika uwanja wa mtu, akakua, akaolewa na baba. Mimi ni kitinda mimba wake, alinizaa amekwisha kuwa mtu mzima. Nilichojua kuhusu kwao ni kidogo kabisa. Kulikuwa na mto. Kulikuwa na mkono wa mtu aliyekuwa amemshika, kisha mkono ukaachia. Jina la kijiji hakulikumbuka, wala la baba yake, wala lake mwenyewe la kwanza. Aliniambia mara moja nikiwa mgonjwa, nadhani alitaka kunisahaulisha maumivu tu, na sikumuuliza tena. Kwa nini nimuulize? Kwetu hatuulizi.

Kwa hiyo yule mama wa Wamaza aliposema walimnunua, hakuwa amekosea. Aliyeumbwa na mimi alitoka ndani yangu. Nilimtoa kwenye jiwe kwa sababu sikujua mahali pengine pa kumtoa.

Niliendelea na safari. Kabla ya Kabambare palikuwa na nyumba ya wapita njia, nikafika mchana, nikapewa bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na mwanamke aliyeitunza. Nilipokwisha kula nikatandaza kile kitambaa cha kwanza, cha jiwe na radi, juu ya udongo wa baraza. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi: nimpe Kifua-Jiwe wajomba wa uongo, watu wa mbali, kule ambako hakuna muuza samaki wa kunikanusha. Ya pili ilikuwa kusema kweli. Na kweli ile ilikuwa na hatari yake. Habari zinarudi mjini haraka kuliko kinga. Watu wa mtaa wetu wangesikia kwamba mtoto wa fundi cherehani amekwenda kutandaza ya ndani mbele ya mapadri na washenzi. Maana ndivyo tulivyowaita watu wa vijijini wakati ule, na mimi nikiwemo. Baba angeweza kukosa wateja. Na mama, sikujua mama angesema nini, kwa sababu mama hakusema kamwe.

Nikageuza kitambaa upande wa nyuma, nikapiga moyo konde, nikachora.

Sikuchora msafara, bunduki wala kilemba cha mtu. Nilichora barabara, na kwenye barabara msichana mdogo kwa mgongo. Pembeni nikachora mkono mmoja, umenyooshwa, vidole viko wazi. Basi. Kwa upande wa ufundi hiyo ndiyo picha bora niliyopata kuichora, na niliichora kwa mkaa wa jikoni, wino ulikuwa umekauka.

Jiwe sikulitupa. Nilikuwa nimekwisha kuwapa watu wa Kasongo jiwe, na mtunzi asiyejua kuiokoa hadithi yake mwenyewe aende akauze chumvi. Msichana akakua, akawa mwanamke, akaja kujifungua njiani nyuma ya jiwe kubwa siku ya radi, na watu waliopita wakasikia ngurumo, wakaona mtoto, wakasema ametoka ndani ya jiwe. Watu husema mengi. Tazama ilivyokaa vizuri! Nilijisifu peke yangu pale barazani mpaka mwanamke wa nyumba akachungulia.

Siku ya sikukuu Kabambare ilijaa. Misa ilikwisha, Padiri akaletewa kiti chini ya paa la shule, katekista wa pale akasimama nyuma yake, mtu mrefu mwenye koti la Jumapili. Watu wakakaa chini, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Nikapiga makofi, nikajitaja. Nikasema ninatoka Kasongo, ninafanya gazeti, nimewaletea mtu. Na kabla hajaniuliza yeyote, nikawaambia wajomba zake hawajulikani, na ndiyo maana nimekuja.

Nikatundika picha ya mkaa.

Nikawaambia juu ya msichana. Sikupandisha sauti. Nilisema alikuwa mdogo sana, alikuwa ameshikwa mkono, mkono ukaachia. Nilisema alipelekwa mahali ambako walimpa jina jingine na lile la kwanza likapotea. Nilisema alikuwa mtu wa kazi, mtu wa watu, hakuna aliyemwona analia. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilisema mpaka leo, akisikia watu wengi wanatembea pamoja barabarani, iwe arusi au maziko, anaingia ndani na kufunga mlango.

Nikageuza kitambaa, nikaenda kwenye jiwe na radi. Nikamleta mtoto. Nikamkuza. Na hapo ndipo nilipowatolea lori, daraja na kiboko, zile zile za Wamaza, sikubadilisha hata mstari. Lakini sasa kila Kifua-Jiwe alipomtua mtu mzigo, alimtazama usoni na kumuuliza: je, ninyi hamkupoteza dada? Ndiyo sababu anatembea. Ndiyo sababu anabeba. Lori likitoka matopeni, dereva anasema hapana, sisi hatukupoteza. Daraja likishikwa, wanaovuka wanasema hapana. Nikafika kwenye kitambaa cha mwisho, Kifua-Jiwe anaonekana kwa mbali, anaingia kijiji kingine.

Nilikuwa na maneno ya kumalizia, nilikuwa nimeyapanga vizuri, ya kuwaambia gazeti linapatikana wapi. Sikuyasema, kwa sababu mzee mmoja wa upande wa wanaume alikuwa ameinuka. Alikuwa mkavu, amekula chumvi nyingi, ameshikilia bega la jirani yake ili asimame sawa.

"Mwambie apite kwetu," akasema. "Sisi tulipoteza. Pale kwenye muto Luama. Tulikuwa tunavuka."

Kutoka upande wa wanawake sauti ikasema wao pia walipoteza, tena wawili, shambani, mchana kweupe, na kama mtu huyo ana nguvu hivyo basi ni wa kwao kwa sababu ukoo wao wote ni watu wa miili. Mwanamume wa nyuma akasimama akasema hapana, huyo paji la uso ni la kwao, tazameni. Mwanamke akamwambia paji gani, hilo ni la mkaa. Kaka wawili wakaanza kubishana wao kwa wao kama shangazi yao alichukuliwa kabla ya njaa ile kubwa au baada yake. Mama mmoja alikuwa analia kwa sauti ndogo, hakuna aliyemzuia. Ilikuwa ugomvi kabisa, vidole vinanyooshwa, watu wanaitana majina ya babu zao, na katikati ya yote Kifua-Jiwe amening'inia kwenye fimbo na fulana yake fupi.

Padiri alikuwa amesimama. Aliona watu wa parokia yake wanapigiana kelele siku ya sikukuu na uso ulimbadilika. Akamuuliza katekista wanagombania nini.

Katekista alijifuta uso kwa leso. "Mutoto, Padiri," akasema. "Kila mutu anasema iko wake."

Padiri akatazama watu, akatazama kitambaa, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, hilo nampa. Akakaa tena kwenye kiti chake. Akawaacha wagombane.

Walipochoka, kijana mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa niaba ya wote, je, atawapata? Na mimi nilikumbuka kwamba ninafanya kazi. Nikamjibu kwamba hilo litaonekana kwenye gazeti. Makelele yaliyofuata yangeweza kuinua paa la shule. Walimtaka katekista aseme gazeti linakuja lini, nani atawasomea, kwa nini mafungu yalikuwa yanarudishwa wakati humo ndani mna mambo ya watu. Katekista alikuwa anajitetea kwa mikono miwili. Padiri alinijia, akasema pamba itapata ukurasa wa tatu, pembeni, kwa herufi ndogo. Akaongeza kwamba ule mkono wa mkaa nisijaribu kuuweka kwenye stensili, nitaupasua. Nikamwambia nitaweza. Na niliweza, ingawa karatasi nne za nta zilikwenda na maji.

Ningeishia hapo kama ningekuwa ninawasimulia ushindi wangu, na ushindi ulikuwa wangu, hakuna wa kuninyang'anya. Lakini watu walipokuwa wanatawanyika kwenda kula, nami nimepiga magoti ninakunja vitambaa, yule mzee wa Luama akaja akasimama karibu. Alinionyesha kwa fimbo uwanja wake, nyumba ya pili kutoka shuleni, kuku wanadonoa mbele ya mlango. Akasema nikachukue mmoja, yeyote nimtakaye. Nikamshukuru, nikaanza kumwomba ruhusa vizuri, kama tulivyofunzwa mjini, baba nakuomba, baba usijisumbue. Akanikatiza.

"Usiombe. Mutoto wa dada haombi kwa mujomba. Anaingia, anakamata, anaenda nayo."

Nilicheka. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mzee, Kifua-Jiwe ni wino tu na mkaa, hawezi kula kuku. Wala hatuna hakika kama dada aliyepotea Luama ndiye mama yake.

Akaigeuza fimbo, akaielekeza kwangu.

"Ninajua iko wino," akasema. "Ulisema mupaka leo anafunga mulango. Ninasema na wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba mito ni mingi, kwamba mikono iliyoachia ni mingi, kwamba mama yangu hakumbuki hata jina. Alikuwa anayajua hayo yote kuliko mimi. Watu wote waliogombana pale walikuwa wanayajua. Alinigusa bega kwa ile fimbo, kama mtu anayeharakisha mbuzi, akasema nifanye upesi, jua linawaka.

Nikaenda. Nilikuwa na umri wa mwanamume mwenye watoto, nimevaa viatu vya mjini na suruali aliyoishona baba, na sikujua hata kuku wa mjomba hukamatwa namna gani. Nilimchagua jogoo mwekundu, akanizungusha nyumba nzima, akaingia jikoni, akatoka, akapita katikati ya miguu yangu. Wake wa uwanja ule waliacha kutwanga wakashika mbavu, wakinitania kwamba huyu mupwa wa Kasongo ana mikono ya kalamu. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kunisaidia, maana haikuwa kazi yao. Nilimkamata mwishoni kwenye kona ya ua, nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilitoka naye chini ya kwapa, nikapita mbele ya mzee bila kuomba na bila kushukuru, kama alivyoniambia.